Ndizi za Mbege Mnadani

Niliishia darasa la pili, lakini majina ya waliosaini ile barua ninayo yote kichwani, kwa mpangilio wa mabenchi wanayokalia kanisani. Siyaandiki hapa. Wenyewe wanajijua.

Barua ilisema kilabu changu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kiko karibu mno na kanisa na shule yake ya chekechea, kwa hiyo nisipewe leseni tena. Mimi nimepika mbege huku mlimani, juu ya Kikatiti, tangu shule hiyo haijajengwa. Shule ndiyo iliyonisogelea. Afisa biashara akaja, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akavuta futi yake moja kwa moja katikati ya migomba mpaka ukutani kwangu. Akasema umbali hautoshi. Nikamuuliza ni mtoto gani anapaa juu ya migomba kama ndege, wakati njia ya watu inazunguka korongo? Akasema kanisa likiondoa pingamizi, atapima upya kwa kufuata njia. Lisipoondoa, nifunge.

Sasa, kwetu ibada ikiisha kuna mnada. Asiye na fedha anatoa mazao, mayai au maziwa au mkungu wa ndizi, na mzee wa kanisa anayanadi pale nje. Ndizi za mbege hutolewa nyingi. Mnunuzi wake alikuwa mmoja, mimi, miaka yote. Na aliyekuwa akininadia ndiye aliyeandika barua.

Jumapili iliyofuata akainua mkungu, akanitazama kama kawaida. Nikakunja mikono. Akashusha bei, akashusha tena. Akatania kwamba leo mama masikio yameziba.

"Nasikia vizuri, mzee," nikamjibu. "Waambie watu ndizi hizo ni za kupikia nini."

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka.

Zikapita Jumapili tatu. Mikungu ikaivia kwenye ngazi za kanisa, ikaanza kuchacha, nyuki wakajaa, harufu ikaingia mpaka kwa mhubiri. Kilabu changu hakijawahi kukaribia madhabahu namna ile.

Jumamosi yule mzee akaja kwangu. Kigoda alikikataa. Akaniomba ninunue, naye ataongea na wenzake.

"Usiongee nao. Andika barua nyingine ya kuondoa pingamizi, uisome mbele ya watu kwa sauti ile ile unayonadia."

"Mama, utanidhalilisha."

"Ile ya kwanza afisa alinisomea mbele ya wateja wangu."

Akaisoma kesho yake, baada ya matangazo. Aliposhusha sauti nikamwomba arudie, na mimi nimekaa benchi la pili kutoka mbele. Akarudia. Ibada ilipoisha nikanunua mikungu yote, hata ile iliyooza. Wiki hiyo hiyo afisa akapima kwa kuzunguka korongo, umbali ukatosha na kubaki.

Wapo wanaosema nimelitia kanisa aibu. Sijahama kilabu, na kanisani sihami. Anayetaka niondoke kwenye lile benchi aje aniambie mwenyewe, bila barua.