Pua ya Ngagi na Karte Moja Yenye Ilibakia

Hapana kaka, kukunja haiko kupoteza. Njo vile nilimujibu, na nilikuwa nimekumbatia apareyi ya picha sawa mutoto mwenye watu wanataka kuninyanganya. Nikamwambia: «Ukitosha matela, godoro yako, Goma kuileta Mushaki, unaikunja, unaifunga kamba, unaiweka nyuma ya pikipiki. Ukifika unaifungua. Sasa iko matela ingine? Iko ile ile.»

«Ile matela nililaliaka,» kaka akajibu. «Njo maana mugongo inaniuma mupaka leo.»

Papa, ule muzee mwenye alikuwa anatuongoza mu pori, akacheka peke yake, akaendelea kuchochea moto. Tulikuwa watu watatu chini ya bashi moja ya plastiki, mu pori ya mulima juu ya Ntoto, siku ya kwanza. Tulikuwa tumetoka Kibua kwa miguu, siku mbili. Na tangu asubuhi mi na kaka tulikuwa tunabishania kitu kimoja: mu apareyi tuweke raw nzima ao raw compressé.

Niseme kwanza raw ni nini, juu hata mama yangu alikuwaka ananiuliza. Apareyi inaweza kukupa picha yenye imekwisha kupikwa: ndogo, safi, unaiona mara moja. Ao inaweza kukupa picha mbichi, yenye inabeba kila kitu jicho ya apareyi iliona. Ile mbichi njo raw. Unaipika mwenyewe kisha: kwenye giza unapandisha, kwenye mwangaza unashusha. Mu pori yetu hakuna namna ingine. Ngagi, ile sokwe kubwa, iko mweusi, na iko inakaa mu kivuli cheusi. Ukipiga picha ya kupikwa, unaleta nyumbani muzigo ya makala. Shida ya raw ni kwamba iko kubwa, inakula karte, ile ndogo yenye inatunza picha mu apareyi. Njo maana apareyi inakupa pia raw yenye imebanwa, compressé, yenye inakaa mu nafasi karibu nusu.

Kaka ni mukubwa yangu. Alikuwa na studio ndogo ku barabara ya Mushaki, anapiga foto za ndoa, foto za kitambulisho, na wenye ngombe wenye wanataka kusimama pembeni ya ngombe yao. Yeye njo alinifundisha. Mi nilikuwa nimemaliza humanités, masomo ya sekondari, mwaka uliopita, na barabara ya kwenda kusoma zaidi ilikuwa inafunguka leo inafungwa kesho, juu ya vita. Basi wakati wenye pori, zile familia zenye zinachunga pori ya wababu zao, walitafuta mutu wa kupiga picha na wa kuandika, kaka akanisukuma. Halafu akaona hawezi niacha niende peke yangu, akafunga studio.

Tulitoka Mushaki na karte tatu. Tukafika pori na karte moja.

Hii njo nasikiaka haya kuandika. Mu ile miaka kulikuwa bariere nyingi za kufunga barabara, na watu wa bunduki wakiona karte ya picha wanataka kujua ulipiga nini, ulipigia nani. Kwetu kila mutu alikuwa na namna yake ya kuficha. Mama mumoja anashonea mu pindo ya kitenge, mwingine anaweka chini ya nyama ya kukauka. Mi nikaona niko na akili kuwapita wote: nikafunga karte mbili mu plastiki, nikazizamisha mu pakiti ya chumvi. Nani atapekua mu chumvi?

Ku bariere ya tatu, mbele ya kufika Kibua, kijana mumoja mwenye bunduki akafungua mufuko yetu. Hakuwa mubaya. Akatusalimia vizuri, akauliza habari ya njia. Halafu akaona pakiti.

«Dada, ni chumvi hii?»

«Ni chumvi.»

«Tuko na juma mbili tunakula bila chumvi. Asante sana, Mungu akubariki.»

Akaichukua. Ningesema nini? «Rudisha, muko karte mbili ndani»? Nikasema amen. Kaka hakunitazama mupaka tulipopita kilima. Pale njo akasema: «Wewe njo mutu wa kwanza mu Kivu yote kuficha kitu ndani ya kitu yenye kila mutu anatafuta.» Papa, mwenye alikuwa anatuongoza tangu Mushaki, alicheka mupaka akakaa chini.

Lakini Papa hakukuwa na sababu mingi ya kucheka. Yeye njo alikuwa na kitu cha kupoteza.

Alikuwa pisteur, mutu wa kufuata ngagi, tangu mbele sijazaliwa. Mu kaye, daftari ya masomo, alikuwa anachora mapua. Ku ngagi, pua iko na mistari juu ya matundu, na hakuna mbili zenye mistari sawasawa, sawa vile vidole vyetu. Papa alichora kila pua na kalamu ya biki, ukurasa moja moja. Kati yao kulikuwa mama ngagi mumoja mwenye pua yake iko sawa ndege anafungua mabawa. Mutego ya waya ilimukata vidole ya mukono wa kuume. Wengi walisema alikufa wakati vita ilipita mu bonde yenye alikuwa anakaa. Papa alisimama mu kikao cha wazee akasema: «Haikufa. Niliiona, na iko na mutoto.» Wakamucheka. Mumoja akamuuliza kama alikuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

Na lile bonde lilikuwa lenye watu walitaka kufungua kwa mashamba. Siwezi sema walikuwa wabaya. Wakimbizi walikuwa wengi, kila nyumba ilikuwa na jamaa tatu. Lakini wazee walikubaliana: kama ile mama iko muzima na mutoto mu bonde, bonde inabaki kufungwa, mashamba yatafunguliwa upande wa barabara. Kama haiko, panga zinaingia. Walimupa Papa mupaka siku ya kikao kingine, kule Ntoto, alete picha yake. Na mukono wa kukatwa peke yake haukutosha, juu mu pori yetu kulikuwa ngagi mbili zenye zilikatwa vidole na waya. Ilibidi pua.

Sasa unaelewa juu ya nini tulibishana. Kaka alisema: «Pua nyeusi mu kivuli, utapandisha giza mupaka mwisho. Pale njo unahitaji kila kitu. Weka raw nzima.» Mi nikasema: «Karte ni moja. Ikijaa siku ya pili, na mama ikatokea siku ya tatu, utaipiga na nini? Na mudomo?» Na kufuta hatukuweza. Papa alikataza. Kwake kila picha ya ngagi ilikuwa alama ya siku ile, hata ya mugongo tu, mupaka alinganishe na kaye yake. Telefone ya kaka, yenye tulikuwa tunafungulia picha moja moja, ilikuwa imejaa maharusi ya Masisi yote. Haikuwa na nafasi ya kutunza hata moja.

Nilishinda mi, juu apareyi ilikuwa mu mikono yangu. Nikafungua menyu, nikaona non compressé, ile nzima, chini yake compressé, nikafinya ile ya pili. Sikushuka kuangalia chini zaidi. Nilikuwa na haraka ya kumuonyesha kaka.

Siku ya tatu tukaikuta familia ya ngagi. Papa alikohoa polepole mu koo, ile namna yenye ngagi zinajua ni yeye, na tukavaa kache-ne, barakoa zetu, juu pumzi yetu isiwaletee ugonjwa. Dume mukubwa alitutazama kidogo, akageuka kula majani. Halafu nyuma ya muti wa kuanguka mama akatoka, mutoto amemushika mugongoni, mukono wa kuume bila vidole. Papa akanishika bega.

Mama akakaa. Lakini alikaa kwenye tundu ya pori, penye hakuna miti, mbingu nyeupe nyuma ya kichwa, uso wote giza. Kaka akaninongoneza: «Ngoja. Ngoja ageuke.» Nani angeningojesha? Niliweka rafale, ile ya kupiga picha mingi kwa mara moja, nikafinya. Apareyi ikalia sawa mashini ya kushona. Nikafinya tena na tena, sawa mutu anapukuchua mahindi. Alipogeuka kidogo, nilikuwa nimekwisha kula karibu karte yote, na yeye akaingia mu majani na mutoto wake.

Saa nane mvua ikaanguka. Tukakaa chini ya bashi, kaka akaunganisha karte na telefone, akafungua picha yenye ilikuwa nzuri kupita zingine. Uso ulikuwa giza tupu. Akapandisha. Paji likaonekana, macho yakaonekana. Akapandisha tena. Pale kwenye pua inakutana na ile nyeupe ya mbingu, mistari ilivunjika vipande vipande, sawa mutu alichora na biki yenye inakatika wino, na pembeni yake vimiraba vidogo vidogo.

Papa alifungua kaye yake, akaweka ukurasa wa ndege pembeni ya telefone. Alitazama sana. Mvua ilikuwa inapiga bashi.

«Mama,» akaniambia, vile wababa wanaitaka wasichana kwa heshima, «mi najua ni yeye. Lakini hii haiko pua yake. Hii haiko pua ya mutu yeyote.»

Ningependa kaka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu: «Matela yako.»

Nikachukua apareyi nikaenda kukaa pembeni. Nikafungua menyu tena, polepole sasa, juu sikuwa na kitu kingine ya kufanya. Non compressé. Compressé. Nikashuka. Chini kabisa, kwenye sikuangaliaka: compressé sans perte. Kubanwa bila kupoteza.

«Kaka,» nikasema. «Kuja uone.»

Alisoma, akajikuna kichwa. «Hii ilikuwamo?»

«Ilikuwamo.»

«Mi pia sikuijua,» akasema. «Mu studio sijawahi kushuka mupaka kule.» Akanirudishia apareyi. «Basi tulikuwa wajinga wawili tunabishana juu ya vitu viwili, na vilikuwa vitatu.»

Papa hakuamini maneno ya menyu. Alisema: «Maneno kila mutu anaandika. Nionyesheni pua.» Lakini pua ya nani? Tukatazamana, halafu sote tukamutazama yeye.

Akakubali. Alikaa mu mulango ya bashi, mwangaza wa mvua nyuma yake, uso mu giza, sawasawa vile mama alikaa. Akachukua jani akaanza kutafuna polepole, macho chini. Kaka akacheka mupaka akakohoa. «Papa, usicheze!» «Sichezi, ninafanya kazi yake.» Nikapiga mara tatu: nzima, compressé, na sans perte. Tatu tu.

Kaka akazipandisha moja moja mupaka mwisho. Mu ile compressé, pua ya Papa ilikatika pembeni kwenye mwangaza. Mu ile nzima, kila kikunyanzi kilikuwa pale, hata alama ya ndui. Mu ile sans perte, tulitafuta tofauti mupaka macho yakatoka machozi. Hakukuwa tofauti. Na ilikuwa imekula nafasi kidogo kuliko ile nzima: haikupungua mupaka nusu, lakini ilipungua.

Papa alijitazama sana mu telefone. «Basi nimezeeka,» akasema. Halafu: «Hii njo iko pua. Na ile ingine pia. Hii ya katikati mutupe.»

«Papa, ulisema hatufuti kitu.»

«Yangu mufute. Mi siko ngagi.»

Nikafuta ile moja. Nikahesabu nafasi yenye ilibakia ku karte: picha ishirini na kitu za sans perte, mwisho. Kikao kilikuwa kesho kutwa, na kutoka pale mupaka Ntoto ni nusu siku ya kushuka. Tulikuwa na asubuhi moja tu. Nikamuomba Papa aniruhusu kufuta zile za rafale, zote ni giza ile ile. Akakataa. Akasema mutoto iko ndani ya zile picha, anataka kuhesabu miguu yake kwenye nyumba, polepole, aone kama mutego haijaikata. Sikubisha. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza mu ile safari.

Mbele ya giza mvua ikapungua. Kwa mbali, upande wa Masisi, kulikuwa sauti yenye ingeweza kuwa radi ao bunduki kubwa. Kaka alipika bugali na sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, akaniwekea sahani, akasema: «Kula, mwenye kuficha.» Nikakula.

Halafu nikafungua kaye yangu na nikaandika nitafanya nini asubuhi, juu nilijijua. Nitaacha apareyi ku sans perte, na sitagusa menyu tena. Nitatosha rafale, nipige moja moja. Papa akisema wako karibu, nitazunguka, mupaka mwangaza ukuwe nyuma yangu na mbele ya uso wake, hata kama ni kutembea saa nzima mu matope. Nitakaa chini. Na ile mama ikikaa tena na kichwa mu mbingu, sitafinya. Nitaweka mikono juu ya magoti, na nitangoja mupaka ageuke yeye mwenyewe.