Mrija Wangu Mfukoni

Kwa miaka sita nilikuwa nakwenda kwetu Muleba na mrija wangu mfukoni, watu wakaniona nina maringo. Kwetu rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunainywa kwa mrija mmoja: kibuyu kinazunguka, unavuta, unampa wa pembeni yako. Mimi, mwalimu wa Bukoba, natoa mrija wangu, naufuta kwa leso, navuta, naurudisha mfukoni. Kaka yangu, aliyenilea baada ya baba kufa, mwanzoni alinitania kwamba mji umenitia kinyaa. Baadaye aliacha utani, na kibuyu kikawa kinanipita.

Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa miaka hiyo nilijitolea damu, nikaitwa pembeni na kuambiwa nina virusi vya homa ya ini aina B. Muuguzi alinieleza taratibu kabisa. Pengine nilivipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo ndugu zangu wa tumbo moja wapime. Tena haviambukizwi kwa kula wala kunywa pamoja, na pombe yenyewe niiache. Nikaitikia yote, nikaenda kununua mrija. Aibu, jamani! Niliogopa watasema ni umalaya wa mjini, au watamsema mama aliye kaburini. Mrija ule haukuwa na kazi, nami nilijua, lakini nikajiona nimewakinga, nikanyamaza.

Na somo ninalofundisha pale shule ya Kahororo ni baiolojia! Nilijua vizuri kwamba kirusi kile hujificha ndani ya kiini cha seli ya ini, na kwamba kinatengeneza protini moja ndogo ambayo wataalamu waliipa jina la X. Seli ina walinzi wake. Wapo wa kunyamazisha vinasaba vya mgeni, wapo wa kuizuia seli yenye hitilafu isigawanyike. Protini X huwaondoa wale wa kwanza na kuwavuruga wale wa pili, basi seli mbovu zinaendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka, huku mwenyewe analima, anacheka, hana hata homa. Si kila mwenye kirusi anapata saratani, ila ndiyo maana tunaambiwa tupime ini mara kwa mara. Mimi nilipima kila baada ya miezi sita. Nyumbani kwangu Kibeta, hapo hapo Bukoba, nilikuwa naaga kwamba nakwenda kikaoni. Kaka yangu hakupima hata mara moja.

Mwaka jana shemeji alipiga simu: kaka amekonda, macho ya njano, tumbo limevimba. Nikamleta Bukoba. Daktari alitazama picha za ini, akauliza kama kuna mwingine kwenye familia mwenye virusi hivi. Kaka akasema hakuna. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikasema yupo, ni mimi, tangu miaka sita iliyopita. Kaka hakugeuka kunitazama.

Uvimbe wa saratani kwenye ini ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno, haukuweza kukatwa. Tulirudi Muleba, akaomba tumkalishe nje kwenye migomba. Pale nikamweleza habari ya mrija, tangu muuguzi hadi leso. Nilitamani anitukane.

"Miaka yote hiyo nimekununia kwa ajili ya maringo," alisema. "Kumbe ulikuwa unaogopa. Ungeniambia, mdogo wangu. Tungekunywa mrija mmoja, na mimi ningepima."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, naye ndiye aliyekuwa anakufa.

Kisha akauliza kuhusu mkewe na wanawe. Nikasema nao wapime wote, na wasio na kirusi wachanjwe. Akanielekeza mlangoni kwa kidevu. "Waambie wewe. Usimwachie daktari."

Nikaingia. Walikuwa wanakula matoke, na mkubwa wao akasogea kunipisha kwenye sinia. Nikanawa, nikakaa, nikautoa mrija mfukoni na kuuweka sakafuni mbele yao, ndipo nikaanza kusema.