Lango Alilolisimamisha Mkwe Wangu

Nyinyi wajukuu zangu, na vijana wa watu mtakaoyasoma haya, lango la ng'ombe mnalipita kila siku mkilisukuma kwa goti, kwa kuwa mikono imeshika simu. Linakwenda, linarudi, halisemi kitu. Basi tulieni niwaambie lilivyosimama. Halikusimama kwa mara moja, na mara ile ya kwanza kosa lilikuwa langu mimi, si la aliyelitengeneza.

Shamba letu hapa Mgogoni limepakana na shamba la mama mmoja mjane kama mimi, kanizidi miaka michache. Nitamwita jirani, inatosha. Baina yetu pana ua wa miti, na katikati ya ua pana uwazi wa kupitisha ng'ombe kwenda bondeni. Babu yenu alikuwa akiuziba uwazi huo kwa magongo matatu ya kulaza. Alipofariki, magongo yakaoza, na mimi nimebaki na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye keshajua kuyasukuma kwa pembe. Na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakiendesha nyumba nzima.

Akaingia kwenye muhogo wa jirani, nikaomba radhi. Akaingia tena. Muhogo ule ulipandwa kwa ajili ya futari, na Ramadhani haikuwa mbali. Jirani akaja mpaka mlangoni kwangu, hata barazani hakukaa.

"Mwenzangu, mie nimenyamaza mara mbili," akasema. "Mara ya tatu nakwenda kwa sheha, na ng'ombe huyu utamuuza. Mie sifuturu mabaki ya ng'ombe."

"Nipe mpaka Ijumaa," nikamwambia. "Natia lango."

Mume wa binti yangu mkubwa ni seremala, ana karakana yake Jadida. Vitanda vyake na milango yake watu wa Wete wanaijua. Nikampelekea salamu, na Jumatano akaja na lango lililokwisha kabisa: mbao nzito, zimepigwa randa mpaka zinateleza, zimebanana hata kidole hakipenyi. Zuri, sikatai. Akachimba mashimo mawili ya kina cha goti, akasimamisha nguzo mbili za mwembe, akarudishia udongo ule ule akaukanyaga kwa viatu. Hapo hapo akapiga bawaba na kutundika lango lake. Adhuhuri haijaadhiniwa, keshakusanya vyombo vyake, maana alikuwa na kitanda cha watu cha kumaliza.

Mimi nilisimama kando ya banda, kanga imenifunika mpaka kwenye paji la uso, na niliona. Nimeishi na mume aliyesimamisha nguzo maisha yake yote, najua shimo la goti ni la kupandia mgomba. Na mnanijua. Mtu akinipikia wali mbichi namwambia sahani ikiwa bado mkononi mwake. Lakini huyu ni mkwe. Sisi tumelelewa hivyo: mkwe humkosoi, usoni humkazii macho, na neno lako kwake linapita kwa binti yako. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mumeo ahsante, na chai ipo tayari." Hilo ndilo nililosema. Neno la shimo nikalinywea chai.

Mvua ikanyesha siku mbili. Jumamosi asubuhi natoka na ndoo ya kukamulia, lango nimelikuta limelala kifudifudi kwenye tope. Nguzo imeng'oka na udongo wake kama jino bovu. Ng'ombe hayupo.

Sikuwa na haja ya kumtafuta. Nilikaa juu ya mbao zile nzuri za mkwe wangu, ndoo tupu mapajani, nikawa nafikiri nani atamnunua, na kama atamfunga kamba kwa upole.

Jirani akaja mwenyewe, anamvuta ng'ombe, na jani la muhogo bado linaning'inia mdomoni.

"Matuta manne," akasema. Halafu akatazama nilipokalia. "Hebu inuka nilione hilo." Nikainuka. Akalitazama lango, akaitazama nguzo, akalitazama shimo. Akaanza kucheka, nami nataka kulia. "Bibi wee! Huu si mlango wa chumba cha harusi? Umekosa pazia tu. Kwani ng'ombe wako anaolewa?"

"Kalitengeneza mkwe wangu."

"Na shimo kachimba yeye?"

"Ndiye."

"Na weye ulikuwapo, ukaona?"

"Nikaona."

"Ukanyamaza? Weye? Weye uliyemwambia muuza samaki mbele ya watu kwamba changu wake ni wa juzi?"

"Ni mkwe," nikasema.

Akanitazama, kicheko kimemwisha. "Basi muhogo wangu haukuliwa na ng'ombe. Umeliwa na haya yako." Akanikabidhi kamba. "Kwa sheha siendi. Mwite huyo kijana. Mie si mama mkwe wake."

Kesho yake mkwe akaja. Jirani alikuwa keshafika, kajifunga kanga kiunoni, na mchi wa kinu mkononi.

"Njoo hapa, baba," akamwambia. "Kitanda kina miguu minne, kinasimama chenyewe. Lango linaning'inia upande mmoja, linaivuta nguzo usiku na mchana. Umeelewa?"

"Bibi, mimi fundi, nimetia milango mingi."

"Kwenye ukuta wa mawe. Hapa ukuta uko wapi?"

Mkwe akacheka, akavua saa. Hapo ndipo nilipompenda kijana yule kwa dhati, kwa namna alivyovua ile saa.

Jirani alikulia kwenye zizi la baba yake, na aliyoyajua yote aliyatoa. Nguzo pia alizitoa yeye, mwenye muhogo ulioliwa: za mfenesi wake ulioangushwa na upepo, mti usiopendwa na mchwa. Tukavichoma vitako vyake motoni mpaka vikawa vyeusi. Mashimo yakachimbwa mpaka mkono unazama hadi begani. Tukatia mawe na udongo kidogo kidogo, na kila tabaka jirani akalitwanga kwa mchi, na alipochoka nikatwanga mimi. Mkwe akataka kutundika lango jioni ile ile. "Thubutu!" jirani akamwambia. "Siku tano. Nguzo ishike ardhi kwanza." Siku hizo tano ng'ombe alishinda kwenye kamba, nikimkatia majani kwa mundu.

Alipofika siku ya sita, mkwe keshafikiri mwenyewe. Ubao mmoja akautoa, mmoja akauacha, lango likapungua uzito. Kisha akapiga ubao wa mshazari, kutoka pembe ya chini penye bawaba kwenda pembe ya juu ya upande wa pili, ili lisiiname. Akaliinua juu ya matofali mawili lisikwaruze chini, ndipo akakaza bawaba. Tulipotoa matofali, likabaki pale pale. Ukilisukuma kwa kidole linakwenda. Ukiliacha, linasimama ulipoliacha.

Mkwe akaja mbele yangu, hakupitia kwa mkewe. "Mama, kumbe shimo uliliona?"

"Niliona, mwanangu."

"Siku nyengine niambie."

"Nitakwambia," nikasema, na tangu siku hiyo namwambia. Karibu ajute kuniruhusu.

Mvua zimepita nyingi sasa na nguzo hazijasogea. Kila nikiweka mkono juu yake namshukuru Mungu kwa mkwe aliyekubali kufundishwa, na kwa jirani ambaye alikuwa na haki ya kunipeleka kwa sheha akaja na mchi. Matuta yake manne hakuyadai. Ndiyo maana jioni ile, lango lilipokwisha na tope bado halijatutoka miguuni, niliwaita wote wa nyumba yangu uani nikawaambia: "Kuanzia kesho, kopo la kwanza la maziwa ya asubuhi linakwenda kwa jirani kabla hayajaingia jikoni kwangu, mpaka muhogo wake uote tena na auchimbe. Na atakayelipeleka, alifunge lango nyuma yake."