Kofi Kitabuni

Dobi wa hospitali hakuwa mtu wa kinyaa. Shuka zilizoganda damu, foronya zilizolowa usaha, zote alizitia mikono huku akipiga soga na wenzake, na mchana akala chakula chake vizuri tu. Kilichomtibua roho ni kitabu cha bintiye wa miaka kumi na mitatu, chenye jalada la waridi na picha ya mwanamume mwenye meno meupe kupita kiasi.

Nyumbani kwake hakuna kitabu kilichokatazwa, ila kila kilichoingia kilisomwa kwa sauti wakati yeye akipiga pasi. Kwa njia hiyo alishasikiliza mazimwi, wapelelezi na farasi wanaosema. Sasa alikuwa anasikiliza uchafu.

"Dada, hicho kichome moto," alisema mdogo wake, aliyekuja kuomba sukari akakaa mpaka jioni. "Unalea au unatazama tu?"

"Nikikichoma, atasoma kingine chooni. Huko nitamwuliza nini?"

Hilo ndilo lililomnyima raha: siku binti atakapomfungia mdomo na kubaki na vitabu vyake peke yake.

"Endelea, mwanangu."

Binti akasoma. Yule mwanamume alimzaba mchumba wake kofi mbele ya wageni, kisha akamletea maua, na mchumba akalia kwa furaha. Binti akashusha pumzi, macho yanamng'aa. "Anampenda mpaka anachanganyikiwa, Mama."

Dobi alikitazama kitabu kwa kinyaa. Mshenzi gani huyu aliyeandika! Anachukua uoza, anaupaka manukato, anawauzia watoto wa watu! Mikono ilimwasha akikitamani kitabu akirarue. Badala yake akaikandamiza pasi kwenye kola.

"Rudia hapo pa kofi. Polepole."

Binti akarudia. Mama yake mdogo akasonya.

"Tena."

Safari hii sauti ya binti ilisitasita. Alifunua kurasa mbele, akarudi nyuma, akitafuta kwa kidole.

"Mama, mbona hawajaandika popote kwamba iliuma?"

"Inauma," alisema dobi. "Sikio linavuma mpaka kesho yake. Na hayo maua huyanusi, maana pua imejaa damu."

Mama mdogo akainamisha kichwa. Binti akamgeukia mama yake.

"Ni Baba?"

"Ndiyo." Dobi akageuza shati upande wa pili. "Haya, soma mbele. Tuone kama na huyu mchumba ataondoka, kama mimi."