Mparachichi wa Evelio

Doña Amparo alikuwa kiguu na njia ndani ya ua wake mwenyewe. Tangu mumewe Evelio azikwe mwezi wa Februari, hakuna kitu kilichoachwa kikazoea mahali pake. Vichanja vya giligilani na mnanaa, vile virefu vya kuwakwepa kuku, vilitoka ukutani vikaenda kisimani, kisha vikarudi ukutani. Matairi ya kupandia maua aliyapaka rangi ya samawati, akayachukia, akayapaka nyeupe. Njia ya vigae vilivyovunjika aliing'oa, akaipanga upya, akaona inapindapinda bure, akaing'oa tena. Majivu, maganda ya mayai na machicha ya kahawa vilimwagwa huku leo, kesho kule.

Watu wa mji wake wa Condega walisema ua wa Amparo unapendeza, na kweli ulipendeza. Yeye ndiye hakuuona. Akijaribu tu kukaa kitako barazani, jicho lilikwenda kwenye kiti kitupu cha Evelio, na papo hapo mikono ikaanza kumwasha.

Banda la kuku ndilo lililoleta ugomvi. Alilisogeza hadi kwenye uzio, chini kabisa ya dirisha la jiko la wifi yake Nicolasa, dada wa marehemu. Asubuhi ya kwanza Nicolasa alikaanga wali na maharage yake huku akinusa mavi ya kuku. Ya pili akafunga dirisha, na tangu hapo hawakusemeshana.

Ikabaki kona ya mparachichi. Evelio aliuotesha kutoka kwenye kokwa. Sasa ulikuwa umempita mtu kimo, majani tele, lakini hata tunda la dawa hakuna. Ulipokuwa mdogo Amparo aliuhamisha mara mbili, na mwaka huu aliuchimbia mfereji wa mbolea, jembe likala mizizi naye hakujali. Sasa alitaka pale pawe pa nyanya. Ukweli ni kwamba hakuweza tena kuutazama.

Siku ya mtakatifu San Juan, mwezi wa sita, desturi ya huko ni kuutisha mti usiozaa. Mmoja hushika panga na kuutukana, mwingine husimama mbele yake na kuuombea, nao mti huona haya ukazaa mwaka unaofuata. Miaka yote Amparo alitukana, Evelio akaombea, wakacheka mpaka kahawa ikapoa. Mwaka huu alitoka peke yake na panga, na hakuwa na nia ya kutisha. Alikuwa amekata shauri.

"Mvivu wee! Unakula majivu yangu, unakunywa maji yangu, na parachichi la kuonja hunipi!"

Akalipiga gome kwa ubapa wa panga, kisha akangoja. Hapo ndipo Evelio alipokuwa akiingilia. Hakuingia mtu.

Dirisha la Nicolasa likafunguka kwa kishindo.

"Mkate basi huyo mti! Unangoja nini?"

"Hayakuhusu, wifi."

"Hayanihusu? Kuku wako wananihusu, huyu asinihusu? Umehamisha kila kitu cha kaka yangu, umebakiza huyu tu. Kama huwezi, nakuja nikusaidie!"

Amparo alidhani ni hasira tu. Mara Nicolasa, na unene wake wote, akajipenyeza kwenye pengo la uzio akiwa na panga lake mkononi, aproni imejaa unga wa mahindi, machozi yanamtiririka na wala hajifuti.

"Sogea nimkate."

"Nicolasa, acha mzaha."

"Mzaha umeuanza wewe! Umemng'oa mara mbili, mizizi umemkata kwa jembe, nimekuona kwa macho yangu haya, halafu unamwita mvivu. Nani angezaa kwa maisha hayo? Sogea, nimesema!"

Akainua panga. Amparo hakufikiri. Alitupa la kwake, akaukumbatia mti, shavu kwenye gome, na maneno yakamtoka, yale yale ya Evelio, kwa ule ule ubembelezi wake.

"Mwache, mama. Huyu bado mtoto. Mwache tu, mwakani atazaa, nakuahidi mimi."

Mkono wa Nicolasa ukabaki juu. Kila San Juan aliyasikia maneno yale kupitia dirisha lake.

"Na wewe utamwacha atulie?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitamwacha."

"Apa."

"Naapa kwa roho ya Evelio."

Panga likashuka. Wakalia pale pale, kila mmoja ameshika tawi lake. Walipomaliza, Amparo alianza kuangaza huku na huku, mikono inamwasha tena.

"Wifi, nishikie upande ule wa banda."

Wakalibeba pamoja, kuku wakipiga kelele kama wanaibwa, mpaka upande wa pili wa ua, mbali na dirisha. Halafu Nicolasa akapanda barazani, akakikokota kiti cha Evelio hadi kivulini mwa mparachichi, akakipangusa kwa aproni yake.

"Kaa," akamwambia.

Amparo akakaa.