Mvua ya Mama Kemunto

Kazi yangu ni kulinganisha mvua inayotabiriwa na kompyuta na ile inayonyesha kweli. Kipimo changu cha mvua nilikiweka Nyamache, uani kwa Mama Kemunto, mwenye nyumba ninayopanga. Kilikaa kikavu hadi nikakata tamaa. Halafu asubuhi moja, ukungu ukielea juu ya majani ya chai, nikakuta maji ndani yake, ilhali kompyuta ilisema hakuna mvua. Nyasi zilikuwa na umande. Nikaamini, kana kwamba bado naota, kwamba mvua ilipita nikiwa usingizini. Ikawa hivyo kila asubuhi. Nikajiona nabii!

Kwenye mkutano wa wakulima, wakubwa wangu wakisikiliza, nikatangaza, “Kompyuta inatudanganya!”

Mama Kemunto akainuka taratibu. “Mwanangu, hiyo maji ni mimi nilikuwa naweka. Nilikuonea huruma.”