Mama mkwe hayuko kwenye ukurasa wangu

Admin, ukiposti hii toa jina langu na usitaje hata ploti ninayoishi, watu wa Thika wanajuana sana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina msichana mmoja wa miaka tisa, tumwite Shiko. Nafanya kazi kwenye sacco moja hapa mjini. Mama mkwe alifariki Jumapili na tunamzika Jumamosi hii shambani kwao, nje ya Ruiru. Msinipe pole, someni kwanza.

Sacco yetu ilianzishwa na wanawake wa soko kule Kiganjo. Mmoja akifiwa, wenzake walibeba hema, viti na sufuria wakaenda kwake. Leo tuna tawi Ruiru lenye milango ya vioo na wanachama ni maelfu, na wengi wanaingia kwa sababu hiyo hiyo ya zamani: hatuachi mtu wetu azike peke yake. Kila mwanachama ana ukurasa wenye majina ya watu ambao tutakuja kuzika. Ni mume au mke, watoto, wazazi au waliokulea, na wakwe. Kabla jeneza halijashushwa, ukurasa husomwa mbele ya waombolezaji wote. Tulianza kufanya hivyo baada ya mzee mmoja kulishiwa wageni kwa kifo cha mama yake, halafu mama akaonekana sokoni akichagua ndizi.

Anayesoma ni mimi, mwaka wa saba sasa, na sina mchezo. Jina lisipokuwepo, hema linakunjwa. Nimewahi kuamuru likunjwe watu wakiwa wameketi chini yake. Mwaka jana jamaa mmoja wa Kamenu, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya anayefanya kazi kiwandani, alikuja kuomba tumsaidie kumzika nyanya aliyemlea. Hakuwa amemwandika. Akalia mbele ya foleni nzima, nikamwambia asogee kando anazuia wengine. Wakubwa walinisifu kwa msimamo, na sitawadanganya, nililala vizuri.

Sasa mama mkwe. Miaka minne iliyopita nilijifungua mvulana mimba ikiwa ya miezi minane, na hakulia. Kwa mila yetu angeitwa jina la baba mkwe. Niliomba azikwe pale shambani, hata kama ni kona ya kule kwa nyasi za ng'ombe. Mama mkwe alikuja hospitalini akaketi kwenye kitanda changu, akanishika goti.

"Mama Shiko, jina la mzee wangu haliwezi kuingia kaburini na kitu ambacho hakikulia. Hiyo shamba si ya kutupa kila kitu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akiangalia viatu vyake. Ni yeye aliyetia sahihi hospitali imshughulikie mtoto. Mpaka leo sijui wamemweka wapi.

Niliporudi kazini, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua ukurasa wangu. Nikamfuta mama mkwe, na mahali pake nikaandika tata, dada ya mama yangu aliyenilea. Ilinifurahisha, siwezi kukataa. Kila alipokuja kwangu akasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, nilimwongezea kikombe kingine nikijiambia, wewe endelea tu.

Kisha akaugua, akaletwa kwetu. Nilimwosha, nikamlisha kwa kijiko, na kanisani wakawaambia mabibi wengine waje wajifunze kwangu. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni akaniambia haogopi kufa. "Najua wewe utanizika na heshima. Si kitabu kiko kwako?" Nikamjibu ndiyo, Mami, nikaendelea na mguu wa pili. Nilimpa nafasi nyingi sana za kutaja mtoto wangu. Hakuwahi.

Mume wangu amekataza ndugu zake wasikodishe hata kiti kimoja, kwa sababu watu wa sacco ya mke wake wanakuja. Mama Chair, mwenyekiti wetu, alinipigia simu jana. "Wewe pumzika, Jumamosi nitasoma mimi." Hajafungua ukurasa, nani atamshuku msomaji? Na siwezi kuugusa tena. Msiba ukishatangazwa majina hayabadilishwi, sheria ambayo niliipigania mwenyewe.

Kuna pesa nimeweka kando, mume wangu hazijui. Zilikuwa za kununua kipande cha ardhi, hata kama ni kidogo kiasi gani, niweke jiwe lenye jina la kijana wangu mahali ambapo hakuna mtu ataniuliza kama alilia. Zinatosha hema, viti na chakula. Nikilipa mwenyewe na kumwambia Mama Chair ukweli leo, atakuja kama rafiki tu bila kitabu, na hakuna atakayejua. Lakini nitakuwa nimemzika huyo mama kwa udongo wa mtoto wangu. Nikinyamaza, Jumamosi Mama Chair atasoma jina la tata mbele ya pasta, wajomba na Shiko wangu, kisha hema likunjwe marehemu akiwa bado juu ya ardhi. Nimejaribu kuogopa hiyo picha. Kuna sehemu yangu inaingoja.

Leo asubuhi mume wangu aliniuliza kama mambo ya hema yako sawa, nikamwambia yako sawa. Akanishika mkono akasema hajui angefanya nini bila mimi. Nilingoja aseme kitu kimoja tu kuhusu kijana wetu. Akaniuliza kama viti vitatosha.

Msiniandikie kwa comments nisamehe, hilo sikuuliza. Mwenye mahema ya kukodisha anataka deposit kabla ya kesho saa sita. Nyinyi mngekuwa mimi, mngelipa, au mngeacha ukurasa usomwe?